Mwendo wa Wanyonyeshao

Somo: Mwanzo 33:13–14



Yakobo alipokutana na ndugu yake Esau baada ya miaka mingi ya kuogopana, nao wakakumbatiana na kulia, Esau alitaka waondoke wote pamoja, yeye na watu wake mia nne wakiongoza njia. Yakobo alikataa kwa adabu. Alimweleza ndugu yake ya kuwa watoto wake ni wachanga bado, tena katika kundi lake mna mifugo inayonyonyesha, ambayo ikikimbizwa hata siku moja tu itakufa. Akamwomba Esau atangulie; yeye atafuata nyuma taratibu, kwa kadiri ya nguvu za wanyama na za watoto.

Hayo ni maneno ya mtu aliyechunga mifugo ya mkwewe miaka 20. Alijua ya kuwa mnyama aliyezaa huonekana mzima. Anakula, anatembea, maziwa yanatoka, lakini ndani nguvu hazijarudi. Nabii Isaya naye, alipotaka kutuonyesha Mungu ni Mchungaji wa namna gani (40:11), alitaja jinsi abebavyo wana-kondoo, na jinsi asivyowaharakisha mama zao.

Mwezi huu tumeona vema kusema habari za mioyo ya mama waliozaa. Hatusemi moyo wa huzuni na furaha, bali moyo huu wa nyama upigao kifuani. Labda msomaji atauliza kama hilo ni jambo la kuhubiriwa. Sisi twaona ni la kuhubiriwa, kwa kuwa tumekwisha kuzika. Tumezika mama wenye watoto wa miezi miwili, na kaburini hatukusikia sababu yo yote ila kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Katika Biblia mna mama wawili waliokufa katika kuzaa, na habari zao zafanana sana. Raheli alishikwa na utungu mkali njiani, karibu na Efrata (Mwanzo 35). Katika taabu ile ambayo hakutoka nayo hai, mkunga alikuwa akimtuliza kwa habari ya kwamba amepata mtoto mwingine wa kiume. Mke wa Finehasi (1 Samweli 4) aliposikia ya kuwa mumewe na mkwewe wamekufa, na Sanduku la Mungu limetekwa, alijifungua papo hapo. Naye alipokuwa akifa, wanawake waliosimama karibu walimpa habari ile ile, kwamba amezaa mwana. Hakuwajibu.

Wanawake wale hawakuwa wabaya. Walitafuta neno la faraja, wakatoa lile walilokuwa nalo. Lakini tazameni macho yao yalikuwa wapi. Wala hatumhukumu Yakobo, maana Maandiko hayamhukumu. Twakumbuka tu ya kuwa yeye aliyejua mwendo wa kondoo wanyonyeshao alimzika mkewe kando ya njia.

Sisi tuna desturi njema za uzazi, nasi hatutaki kuzidharau. Mzazi huwekwa ndani siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wenye pilipili manga. Bibi au shangazi huja na mkeka wake akalala chumba kimoja naye, na kazi za nje hupigwa marufuku. Waliotuachia desturi hizo walikuwa na akili kuliko wengi wanaozicheka leo. Lakini siku ya arobaini na moja, je? Bibi amerudi kwao kwa basi la asubuhi, na mzazi yuko kisimani na ndoo kichwani, mtoto mgongoni.

Huko kliniki nako mambo ni hayo hayo. Mtoto huvuliwa nguo, hupimwa uzito, huchomwa sindano, huandikiwa katika kadi yake. Mama ni mkono tu uliombeba. Tumeketi katika mabenchi hayo pamoja na binti zetu na wake za wana wetu, tukaona mama wakirudi nyumbani baada ya saa nne za kungoja pasipo mtu kuwauliza wanalalaje usiku. Hali Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2013, lashauri ya kuwa mama na mtoto, wote wawili, waangaliwe si chini ya mara nne: siku ya kwanza, siku ya tatu hivi, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita.

Na tueleze kidogo kazi ya moyo, kama tulivyokuwa tukieleza ubaoni. Mwanamke akiwa na mimba, damu mwilini mwake huongezeka karibu kwa nusu ya ile aliyokuwa nayo. Ni kama pampu ya kijiji iliyowekwa kwa ajili ya nyumba mia, kisha zikajengwa nyumba hamsini zaidi, na pampu ikabaki ile ile. Mtoto akizaliwa na kondo likatoka, damu iliyokuwa ikienda kwenye mji wa mimba hurudi kwa ghafula katika mishipa ya mama, na siku zifuatazo maji yaliyokaa miguuni hurudi nayo. Basi moyo haupumziki siku ile mama alalapo kitandani na kupongezwa. Na shinikizo la damu, ambalo wengi hudhani hushuka mtoto akiisha kutoka, mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati ambapo mama ameruhusiwa kwenda nyumbani na hakuna mashine ya kumpima.

Kwa mama wengi moyo hustahimili, ukarudi hali yake. Lakini upo ugonjwa ambao misuli yenyewe ya moyo hulegea, ikashindwa kuisukuma damu. Huanza mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano baada ya kuzaa, tena huweza kumpata mwanamke ambaye hajapata kuugua moyo maishani mwake. Hila yake ni kwamba unafanana na uchovu wa kila mama. Kwa hiyo na tutofautishe.

Mama anyonyeshaye huamka usiku kwa sababu mtoto analia. Huyu huamka kwa sababu pumzi imemwishia. Huketi kitandani, hufungua dirisha. Mama mwingine huvimba miguu kabla ya kuzaa, kisha uvimbe ukapungua siku kwa siku. Wa huyu waongezeka. Mwingine huchoka akitoka shambani. Huyu huchoka akitoka kitandani kwenda mlangoni. Leo ataomba mto wa pili, kesho wa tatu. Akilala chali atakohoa. Moyo utamwenda mbio naye ameketi tu, ananyonyesha.

Twamjua mama mmoja aliyepatwa hivyo, mtoto wake wa pili akiwa na wiki saba. Waliomwangalia usiku walisema ni jinamizi lamkaba, na wengine walianza kumtaja jirani kwa jina. Aliyemwokoa ni mama mkwe wake, mwanamke asiyejua kusoma. Alikaa akamtazama usiku mmoja mzima, kisha akasema ya kuwa jinamizi humkaba mtu aliye usingizini, lakini mkwe wake hajalala kabisa. Akilala chali tu hukabwa, akiketi huachiliwa. Jinamizi gani hilo linalojua mito? Akamwamsha mwanawe akatafute gari. Hospitali walimpa dawa ya kutoa maji mwilini, naye akakojoa usiku kucha; baadaye alipelekwa kwenye kipimo cha moyo, kile cha mawimbi ya sauti, akaanzishiwa dawa za kuupa moyo nguvu. Leo mtoto yule yuko darasa la tatu na mama yake yumo kwaya. Aliambiwa asibebe mimba nyingine kabla ya kuonana na daktari, kwa kuwa ugonjwa huu waweza kurudi kwa nguvu katika mimba ifuatayo, hata kwa mama aliyejiona amepona.

Wengi wapatao dawa mapema hupona, au hupata nafuu kubwa, katika miezi sita hivi. Wanaopelekwa kwanza kwa mtu wa kuwatoa pepo hupoteza zile siku ambazo dawa ingefaa. Hatusemi msiombe. Ombeni ndani ya gari.

Kukosa pumzi kwa mzazi huweza kuwa na sababu nyingine pia: upungufu wa damu, damu iliyoganda mguuni ikapanda mpaka mapafuni, au milango ya moyo iliyoharibika tangu utoto kwa homa ya baridi yabisi, ambayo katika nchi zetu mara nyingi haijulikani mpaka mwanamke abebe mimba. Si kazi yetu wa nyumbani kujua ni ipi. Kazi yetu ni kumfikisha kwa wanaojua. Vipimo vya moyo vyapatikana katika hospitali kubwa za rufaa, na Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015.

Huko Zaria, kaskazini ya Nigeria, ugonjwa huu wa misuli ya moyo ulionekana kwa wingi, na madaktari waliandika habari zake katika miaka ya 1970. Ilikadiriwa ya kuwa humpata karibu mzazi 1 katika kila 100. Wahausa wa huko nao wana siku zao arobaini. Mzazi hulala juu ya kitanda cha udongo kilichowashiwa moto chini yake, huoga maji ya moto sana, na hula uji uliotiwa kanwa, chumvi ichimbwayo ardhini, jamaa ya magadi yetu. Madaktari wale walidhani ya kuwa joto na chumvi ndivyo vilivyouelemea moyo. Watafiti wa baadaye hawakukubaliana wote juu ya sababu, na Haiti, ambako hakuna kanwa, walihesabu karibu mzazi 1 katika kila 300. Basi tusiikimbilie desturi ya watu na kuilaumu kwa kila jambo. Hata hivyo, bibi ampikiaye mzazi na ajue ya kuwa magadi na chumvi nyingi si rafiki wa moyo uliochoka. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima chatosha mtu mzima ye yote, pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya dukani. Na maji ya kukandia yawe ya moto wa kustahimilika.

Sasa tuje kwa jambo linalowahusu wengi zaidi, nalo ndilo lisahauliwalo zaidi. Wako mama walioambiwa wakati wa mimba ya kuwa presha imepanda, yaani imefika 140 kwa 90 au kuzidi. Wengine walipata hata kifafa cha mimba, kile ambacho zamani watu walikiita mapepo. Kwanza na ijulikane ya kuwa kifafa hicho huweza kumpata mama hata baada ya kuzaa. Mzazi aumwaye kichwa sana, au macho yakamwia kiza, au akapata maumivu makali chini ya mbavu, apelekwe hospitali siku ile ile, ndani ya arobaini yake, pasipo kungoja ruhusa ya mtu. Na presha ikifika 160 kwa 110, hiyo ni dharura hata kama mwenyewe anacheka.

Halafu siku zapita, presha yashuka, mtoto anabatizwa, na jambo lile lahesabiwa limekwisha. Halijaisha. Mwanamke aliyepata ugonjwa huo katika mimba ana hatari kama mara mbili ya wenzake ya kupata baadaye ugonjwa wa mishipa ya moyo au kiharusi, na ya moyo kushindwa kazi kama mara nne. Hatari hiyo haikomi mwaka wa kwanza. Humfuata akiwa na miaka arobaini, hamsini, sitini. Mwaka 2011 Shirika la Moyo la Marekani liliingiza presha ya mimba, kifafa cha mimba na kisukari cha mimba katika orodha ya mambo ambayo daktari hana budi kuyauliza kwa kila mwanamke anapoupima moyo wake.

Sisi walimu twalifahamu jambo hili upesi. Mimba ilikuwa mtihani wa majaribio. Mwalimu hamfukuzi mtoto aliyeanguka mtihani wa majaribio, wala hamwambii ya kuwa yamekwisha kwa vile karatasi zimekusanywa. Humwita kando akamwonyesha alipo dhaifu, maana mtihani wenyewe bado uko mbele.

Basi ninyi mama mliopata presha katika mimba, hata kama mtoto huyo sasa anakunyweni chai ya harusi yake, msiitupe ile kadi ya kliniki. Mkimwona daktari kwa shida yo yote, mwambieni ya kuwa mimba ya mwaka fulani mlipata presha. Asipouliza, mwambieni vile vile. Pimeni wiki ya sita baada ya kuzaa, kisha kila mwaka. Aliyepata kisukari cha mimba apimwe sukari kati ya wiki ya 6 na ya 12, na tangu hapo angalau kila miaka mitatu, hata akijiona mzima. Na abebaye mimba tena awahi kliniki mapema, kwa kuwa ipo dawa ndogo ya asprini ambayo daktari huweza kumwanzishia kabla ya mimba kufika wiki ya 20 ili kumkinga na kifafa. Akichelewa, faida yake hupungua.

Ninyi waume, Yakobo alikuwa mwanamume. Hakumwachia Esau aamue mwendo, ingawa Esau alikuwa mkubwa, tena alikuja na watu mia nne. Katika nyumba zetu Esau aweza kuwa mama yako akisema ya kuwa yeye alizaa kumi na akalima siku ya kumi na tano. Aweza kuwa rafiki zako wakikucheka kwa kuonekana na ndoo ya maji. Mjibuni kwa adabu kama Yakobo alivyojibu, kisha mfuate nyuma taratibu. Mchukulie mkeo maji hata baada ya arobaini. Muulize analalaje. Kama ana presha au moyo wake ni dhaifu, suala la mtoto mwingine mlizungumze ninyi wawili mbele ya muuguzi, maana si kila dawa ya uzazi wa mpango yamfaa. Vidonge vyenye homoni iitwayo estrojeni havimfai mwenye presha, lakini njia nyingine zipo. Wenye wasiwasi wa dhamiri na wajue ya kuwa maaskofu wa Kianglikana duniani, katika mkutano wao wa Lambeth mwaka 1958, walisema kupanga uzazi ni jukumu ambalo Mungu ameliweka juu ya dhamiri za wazazi wenyewe. Tumesikia watu wakilisema kanisa letu vingine.

Wazee wetu waikumbuka ibada ya Shukrani ya Wanawake Baada ya Kuzaa. Katika Kitabu cha Sala cha kwanza cha Kiingereza, mwaka 1549, ibada hiyo iliitwa Utakaso. Mwaka 1552 jina likabadilishwa, ikaitwa Shukrani. Twaona badiliko hilo ni kubwa. Mama haji kanisani kwa sababu alikuwa najisi. Anakuja kwa sababu alikuwa hatarini, na Mungu akamtoa. Na jambo la kushangaza ni kwamba katika sala yenyewe ya ibada hiyo, kama ilivyo katika kitabu cha 1662, mtoto hatajwi kabisa. Kanisa zima lapiga magoti kwa ajili ya mama peke yake: kwa maumivu aliyopita, kwa hatari aliyookoka, na kwa siku zake zilizobaki hapa duniani.

Tarehe 2 Februari twakumbuka jinsi Bikira Maria alivyokwenda hekaluni siku zake arobaini zilipotimia kwa sheria ya Walawi 12, akiwa na sadaka ya maskini, ndege wawili. Mzee Simeoni alimpokea mtoto mikononi, akafurahi kama watu wote wafurahivyo. Kisha akafanya jambo ambalo wale wanawake wa Efrata na wa nyumba ya Finehasi hawakulifanya. Alimgeukia mama, akasema naye habari za uchungu utakaompata yeye mwenyewe.

Umoja wa Mama, ambao Mary Sumner, mke wa kasisi, aliuanzisha Uingereza mwaka 1876, una wanachama karibu katika kila kijiji cha mtaa wetu. Kwa ruhusa ya Kasisi, mama hao wataanza siku hiyo ya 2 Februari, na kuendelea kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kupima presha katika ukumbi baada ya ibada ya pili. Mama aliyezaa katika miezi sita iliyopita atapimwa kwanza, kabla ya wazee na kabla ya baraza. Aje amekaa kitako dakika tano, asiwe ametoka kubeba kitu, mkono uwekwe mezani, usawa wa moyo. Namba itaandikwa katika kadi yake mwenyewe, si ya mtoto. Ikizidi, muuguzi wetu aliyestaafu atamwandikia barua ya hospitali, na mume atakabidhiwa barua hiyo mkononi. Mashine iko kwa katibu wa Umoja. Yahitaji betri nne ndogo kila baada ya miezi michache, na atakayependa kuzitoa amwone mtunza hazina.